Shanga za kioo za kutengeneza nyumbani kwa moto wa gesi: je, tanuri ni lazima?

Muulizaji (Tanga)

Salaam kwenu wanajukwaa. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunga hereni, mikufu na bangili kwa shanga za kununua, kazi ninayoifanya jioni kwa kujiburudisha na ambayo mara chache hunipatia fedha kidogo kutoka kwa majirani na wafanyakazi wenzangu. Sasa natamani kutengeneza shanga zenyewe, zile zinazofanywa moja moja kwa kuyeyusha ncha ya fimbo ya kioo katika mwali wa gesi na kuizungushia kwenye waya wa chuma, kwa sababu nimechoka kuchagua miongoni mwa rangi na maumbo yaleyale yanayoletwa madukani.

Ninaomba ushauri katika mambo matatu. Kwanza, nyumbani nina mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15. Je, gesi hiyo peke yake inatosha, au ni lazima kuongeza oksijeni? Pili, fimbo za kioo hazipatikani kwa urahisi huku kwetu, ilhali chupa za kijani na za kahawia zimejaa kila kona. Je, ninaweza kuzivunja na kuzitumia? Tatu, na hili ndilo linalonitatiza zaidi, fedha nilizojiwekea zinatosha ama tochi nzuri ya gesi ama tanuri dogo la umeme, wala si vyote viwili. Wapo wanaosema kwamba ushanga ukifukiwa katika majivu ya moto au mchanga mkavu hupoa vizuri na tanuri halihitajiki. Lakini ushanga mmoja wa aina hiyo nilioununua ulikaa salama kwenye mkufu kwa majuma kadhaa, kisha ukapasuka vipande viwili ukiwa ndani ya kisanduku bila kuguswa na mtu. Ningependa kuelewa sababu kabla sijatoa fedha zangu.

Fundi wa kioo (Nairobi)

Ndugu muulizaji, nitaanza na ushanga wako uliopasuka, kwa kuwa ukiuelewa huo, swali lako la tatu litakuwa limekwisha kujibiwa nusu. Kioo kinapotoka motoni, ngozi yake ya nje hupoa na kukakamaa mapema, wakati kiini bado kina joto kali. Kiini nacho kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini ngozi iliyokwisha kuwa ngumu haikiruhusu, na kwa hiyo mvutano hubaki umefungiwa ndani ya ushanga. Mvutano huo hauonekani kwa macho wala hauishi kwa kukaa. Siku mkufu utakapogongwa kidogo, au hewa itakapobadilika ghafla, au hata pasipo sababu unayoweza kuitaja, ufa mdogo ulioanzia karibu na tundu hupata njia na ushanga hugawanyika.

Majivu na mchanga, pamoja na blanketi la nyuzi za kauri na chembe za vamikulaiti (madini mepesi yanayohifadhi joto) ambazo wengi wetu tunazitumia, hupunguza tu kasi ya kupoa. Vitu hivyo huuzuia ushanga usipasuke palepale mezani, lakini haviondoi mvutano. Kinachouondoa ni kukiweka kioo katika joto ambalo halikilegezi kiasi cha kupoteza umbo, ila linakiruhusu kujiachia ndani kwa ndani. Kwa kioo laini cha Kiitaliano, ambacho ndicho kinachotumiwa zaidi na wanaojifunza, joto hilo ni takriban nyuzi 510 hadi 520 za Selsiasi. Kioo cha chupa huhitaji zaidi kidogo, karibu nyuzi 540 hadi 550. Shanga za ukubwa wa kawaida hukaa humo kwa nusu saa hadi saa nzima, kisha joto hushushwa polepole, tuseme nyuzi 50 au 60 kwa saa, mpaka lifike chini ya nyuzi 400, ndipo tanuri huzimwa na kuachwa limefungwa hadi lipoe lenyewe. Anayefungua mlango mapema kwa hamu ya kuona rangi hujitafutia hasara.

Pamoja na hayo yote, si lazima tanuri liwe mali yako. Ushanga uliopoa ndani ya blanketi na kutoka mzima unaweza kuingizwa tanurini siku nyingine ukiwa baridi, pamoja na wenzake wengi, na joto likapandishwa taratibu hadi kiwango nilichokitaja. Mvutano utaondoka vilevile. Tafuta mfinyanzi au chuo cha sanaa chenye tanuri la umeme, ukubaliane nao uwe unapeleka shanga zako kila zinapokusanyika. Sharti ni kwamba kidhibiti cha joto kiweze kushikilia nyuzi 510 bila kuzipita sana, kwa maana matanuri ya ufinyanzi yameundwa yafikie nyuzi 1,000 na zaidi, na uzembe kidogo utakurudishia bonge moja la kioo lililogandamana. Tanuri la kuni halifai kwa kazi hii. Ushauri wangu, basi, ni kwamba ununue tochi na ukodi tanuri.

Mtoto wa sonara (Mombasa)

Mwenzangu ameeleza vyema habari za kupoa, nami nitazungumzia moto, kwa kuwa nimekulia katika karakana ya usonara. Gesi ya kupikia, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, inatosha kwa kioo laini iwapo utapata tochi iliyoundwa kwa ajili ya shanga, ile inayovuta hewa yenyewe kupitia matundu ya pembeni. Kioo kitayeyuka polepole, na kwa anayejifunza hiyo ni heri, kwani mkono hupata nafasi ya kuzoea kuzungusha bila kusita. Rejuleta ya jiko haitakusaidia, maana hutoa mgandamizo mdogo mno. Uliza ile ya mgandamizo mkubwa inayotumiwa na mafundi, na ukishafunga kila kiungo kipake maji ya sabuni uangalie kama kuna mapovu. Mtungi ukae nje ya chumba, wima, na mpira upitishwe ukutani, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutandaa sakafuni ikisubiri cheche.

Oksijeni huongeza joto na kuufanya mwali uwe safi zaidi, lakini inaweza kusubiri. Siku utakapoiongeza, viungo vyake visiguswe kamwe na mafuta wala grisi, kwani grisi ikikutana na oksijeni yenye mgandamizo huweza kuwaka kwa mlipuko. Asetilini ya mafundi wa kuchomelea usiifikirie kabisa, kwa sababu moto wake ni mkali kupita kiasi na masizi yake huchafua kioo.

Jambo ambalo sisi watu wa pwani hulisahau ni pangaboi. Upepo wake hupoza upande mmoja wa ushanga wakati upande wa pili unawaka, na ushanga hupasuka ungali kwenye waya, kisha mtu akalaumu kioo. Pangaboi lizimwe, ila madirisha yasifungwe, kwa kuwa mwali hutoa kaboni monoksaidi na baadhi ya rangi za kioo zina metali ambazo moshi wake haufai kuvutwa. Feni ya kutolea hewa iwekwe nyuma ya tochi ili ivute kuelekea nje. Meza ifunikwe vigae au bati nene, nguo ziwe za pamba, nywele zifungwe, na mtandio au ncha ya kanga isining'inie mbele ya moto.

Mpenzi wa kioo (Ujerumani)

Ninaishi Thüringen, si mbali na Lauscha, mji ambao kioo kimetengenezwa humo tangu 1597 na ambao hadi leo una watu wanaofanya kazi ya kioo kwa mwali wa mezani. Ningependa kutia neno juu ya kioo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Fimbo za kioo huuzwa zikiwa na namba inayoonyesha kiasi ambacho kioo hutanuka kinapopata joto. Kioo laini cha Murano, yaani kile cha Kiitaliano alichokitaja fundi wa Nairobi, kina namba 104. Kuna kingine cha 90. Na kioo kigumu cha aina ya vyombo vya maabara kina 33, ambacho kwa gesi bila oksijeni utakihangaikia bure. Ukiunganisha kioo cha 104 na cha 90 katika ushanga mmoja, vitasinyaa kwa viwango tofauti na hakuna tanuri litakalouokoa ushanga huo. Sasa fikiria chupa: nyingi zinakaribia 85 hadi 90, lakini hakuna kiwanda kinachoandika namba hiyo kwenye lebo, na chupa ya kijani ya kiwanda kimoja haina wajibu wa kupatana na ya kahawia ya kiwanda kingine. Kwa hiyo ushanga mmoja utokane na chupa moja, bila nukta za rangi nyingine. Isitoshe, kioo cha chupa ni kigumu kuyeyuka na hukakamaa upesi kikitoka motoni, hivyo kwa tochi ya gesi peke yake kitakuchosha kabla hakijakufundisha chochote.

Kama utaagiza fimbo, usivutwe na orodha ndefu ya rangi. Chukua nyeupe, nyeusi, isiyo na rangi, na mbili au tatu unazozipenda. Rangi ya feruzi hupendwa na kila mtu, lakini ina shaba ndani yake, na mwali usio na hewa ya kutosha huitia madoa mekundu ya matofali. Ifanyie kazi mbali kidogo na mdomo wa tochi. Waridi ya Murano ina dhahabu halisi, na bei yake huonyesha hivyo. Ncha ya fimbo uiingize motoni taratibu, ukiipitisha na kuitoa, la sivyo itarusha vipande. Na miwani ni lazima iwe ya didimu, inayokata ule mwanga wa manjano wa sodiamu unaotoka kioo kinapowaka. Miwani ya jua haiuondoi, na ya kuchomelea ina giza kiasi kwamba hutaona ushanga wako.

Kwa upande wa tanuri, natofautiana kidogo na fundi wa Nairobi. Shanga ndogo, zisizofikia sentimita moja na zenye unene ulio sawa pande zote, mara nyingi hudumu miaka mingi kwa kupoa katika blanketi tu. Miezi ya mwanzo shanga nyingi utazitupa kwa sababu zimepinda au zimeshikana na waya, na sioni haja ya kulipia tanuri kwa ajili ya kitu cha kutupwa. Lakini ushanga wa kuuza, au wa kumpa mtu, usitoke mkononi mwako bila kupita tanurini.

Mkusanyaji wa shanga (Arusha)

Kama una hamu ya kutumia chupa, wafuate Wakrobo wa Ghana na uiache tochi. Wao huponda chupa mpaka ziwe unga, huujaza unga huo katika kalibu za udongo zilizopakwa kaolini (udongo mweupe), na katikati ya kila shimo husimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Ndani ya tanuri kikonyo huungua na kuacha tundu. Muhogo tunao. Kinachotakiwa ni tanuri, pamoja na barakoa nzuri wakati wa kuponda, kwa sababu vumbi la kioo huharibu mapafu. Kabla ya kununua chochote, fika Kitengela, kusini mwa Nairobi, au karakana ya Shanga hapa kwetu Arusha, ambako kioo chakavu huyeyushwa na kupewa maisha mapya. Kuona mikono ya fundi kwa saa moja kutakufaa kuliko video nyingi. Shanga za Kazuri za Nairobi ni nzuri mno, lakini ni za udongo, kwa hiyo usizichukue kuwa kielelezo cha kioo.

Usijaribu kushindana na shanga ndogo za Kimaasai. Hizo hutoka zaidi Jablonec, Ucheki, na hutengenezwa kwa kuvuta bomba refu na jembamba la kioo kisha kulikatakata, kazi ya kiwanda ambayo tochi haiiwezi. Ushanga wako wa mkono uwe mkubwa na uwe mmoja au mitatu katikati ya mkufu, halafu hizo ndogo za kununua ziusindikize. Na uwasikilize wateja kuhusu rangi: wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji walijua kwamba shanga nyekundu zilizoitwa samesame zinazogombewa mahali fulani zinaweza kukataliwa mahali pengine, na nionavyo mimi wanunuzi hawajabadilika sana.

Muulizaji (Tanga)

Ninawashukuru sana. Nimeamua kununua tochi na fimbo chache za 104, na chupa nitaziacha kwanza. Yupo mfinyanzi mwenye tanuri la umeme ambaye nitazungumza naye. Nina maswali mawili madogo: nitajuaje kwamba tanuri lake limeondoa mvutano kweli, na tundu la ushanga husafishwaje?

Fundi wa kioo (Nairobi)

Kwa shanga zinazopenyeza mwanga kuna njia rahisi. Fungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya kompyuta mpakato, shika mbele yake miwani ya jua ya aina ya polaroidi, uizungushe mpaka skrini ionekane nyeusi, kisha ushikilie ushanga kati ya skrini na miwani. Ukibaki na giza lilelile, uko salama. Ukiona mabaka yanayong'aa, hasa kuzunguka tundu, mvutano bado upo na ushanga urudi tanurini. Jaribu kwanza na ushanga usiopita tanurini ili jicho lijue linachotafuta. Kwa shanga za rangi nzito njia hii haifanyi kazi, kwa hiyo weka ushanga mmoja usio na rangi katika kila mzigo unaopeleka kwa mfinyanzi, wenye ukubwa sawa na ule mkubwa kuliko zote, uwe shahidi wa wengine.

Ama tundu, loweka ushanga na waya wake majini, uuzungushe kwa mkono mpaka uchomoke, usiuvute kwa koleo kwa nguvu. Ule udongo uliopakwa kwenye waya ili kioo kisinate usugue kwa tupa nyembamba ya almasi, ushanga ukiwa ndani ya bakuli la maji, kwa kuwa vumbi lake likikauka huingia kifuani. Usipouondoa, utachafua uzi na utaonekana kama uchafu katika kioo kisicho na rangi. Mwisho angalia midomo ya tundu: inapaswa kuwa imebonyea kuelekea ndani. Ikiwa imechongoka, isugue kwa tupa hiyohiyo, na hata baada ya hapo ushanga huo utungwe kwa waya laini wa chuma uliofunikwa plastiki badala ya uzi.