Ofisi inahamia nyumbani kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa: VPN nzito, wazazi na walio zamu

Msimamizi_Ofisi:
Wakuu, habari za kazi. Tuko 30, na kwa ajili ya mlipuko 22 wataanza kufanyia kazi nyumbani wiki ijayo. Wanane wa stoo na mapokezi lazima wafike. Kwenye majaribio VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje) ilikuwa nzito hadi mafaili hayafunguki, na wenye watoto wadogo walikosa vikao vya asubuhi. Wakuu wa idara wanataka kamera ziwe wazi muda wote wa kazi. Tupangeje?

FundiMitandao:
Mkuu, anza na VPN. Kwa kawaida hukwama laini ya ofisi, si ya nyumbani. Ikiwa VPN imewekwa ipitishe kila kitu, hata kikao cha video kinaingia ofisini kwanza ndipo kinatoka kwenda kwa mfanyakazi. Watu 20 wakipokea video ya megabiti 2 kwa sekunde kila mmoja, ni megabiti 40 kuingia na 40 kutoka, na laini nyingi ni dhaifu upande wa kutoka. Mwambie fundi wenu aruhusu anwani za seva za ofisi tu zipite kwenye VPN, mengine yaende intaneti moja kwa moja.

Hesabuni pia leseni za VPN, yaani idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia kwa pamoja. Zikiwa 10, mtu wa 11 anakataliwa, naye atadhani kakosea nenosiri.

Kabla mashine hazijatoka, fungeni diski kwa usimbaji (data isisomeke bila ufunguo), funguo za kurejesha zibaki ofisini, na muweke uthibitisho wa hatua mbili. Angalieni tarehe za nenosiri kuisha: likibadilishwa kwenye seva mtu akiwa nyumbani, laptopu yake inaendelea kudai lile la zamani mpaka iunganishwe na VPN. Hapo simu kwa fundi haziishi.

Afisa_Utumishi:
Hilo la kamera likataeni kabisa. Linakula bando, linaanika nyumba ya mtu, na halionyeshi kazi iliyofanyika. Badala yake, kila Jumatatu mfanyakazi na mkuu wake waandike kitakachokamilika na lini. Wasiandike "kufuatilia madeni". Waandike "barua za madeni ya zaidi ya siku 60 zimetumwa kufikia Jumatano saa 10 jioni".

Wekeni saa chache za pamoja, mathalani saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, na vikao viwe humo tu, visizidi nusu saa. Saa zilizobaki kila mtu ajipangie. Muhtasari utumwe siku hiyohiyo ili aliyekuwa na mtoto asome na kujibu jioni. Na iandikwe wazi kwamba ujumbe wa usiku unajibiwa kesho yake. Bila maandishi, watu watajibu saa 5 usiku kwa kumwogopa bosi.

Wale wanane wasisahaulike, maana ndio walio hatarini zaidi. Wagawe wannewanne, zamu mbili zisizokutana: acheni nusu saa katikati, na makabidhiano yawe kwa simu. Msiruhusu kubadilishana zamu hata mara moja, kwani mtu mmoja anatosha kuunganisha makundi yote mawili. Halafu siku za ugonjwa zilipwe kamili. Ukimkata mtu mshahara, ataficha homa na kuja kazini.

Msimamizi_Ofisi:
Asanteni sana. Bando na viti je?

FundiMitandao:
Kikao cha video cha watu wengi chenye picha safi kinaweza kufika GB 1 kwa saa au kuzidi. Sauti pekee haifiki MB 100. Saa moja ya video kila siku, kwa siku 22 za kazi, ni kama GB 22, ongezeni na ya mafaili. Lipeni mwanzoni mwa mwezi. Kusubiri risiti ni kumkopa mfanyakazi.

Afisa_Utumishi:
Viti wachukue vya ofisini, kwa kusaini daftari. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. Laptopu ikiinuliwa kwa vitabu, mpeni na kibodi ya pembeni na mausi, la sivyo atachapa mabega yakiwa juu na shingo itamuuma.