Kusoma kumbukumbu ya kerneli kwa GDB: mbona sudo haitoshi?

Mwanafunzi_Tudor:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Najifunza jinsi mfumo endeshi unavyogawa kumbukumbu, na kwa kuwa darasani tumeishia kwenye michoro ya ubaoni, nimeamua kujionea mwenyewe kwenye kompyuta yangu ya Linux. Nimefungua GDB (programu ya kukagua programu nyingine zikiwa zinafanya kazi) kwa sudo (amri inayonipa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa Linux), nikaiunganisha na programu ndogo inayoendelea kufanya kazi, kisha nikaiagiza inionyeshe yaliyomo kwenye anwani inayoanza na 0xffff, yaani upande wa kerneli (kiini cha mfumo endeshi). Kila mara inajibu kwamba anwani hiyo haifikiki, ilhali anwani za programu yenyewe zinasomeka vizuri. Ikiwa mimi ndiye root, ni ruhusa gani nyingine iliyobaki? Naomba pia kujua namna ya kusoma CR3, rejista (nafasi ndogo ya kuhifadhi ndani ya prosesa) inayohifadhi anwani ya jedwali la kurasa, lile linalotafsiri anwani pepe kuwa anwani halisi za kumbukumbu.

FundiSeva_Nyali:
Waaleikum salaam, mdogo wangu. Hapo kuna mamlaka mawili, nawe unalo moja tu. Root ni cheo ndani ya Linux. Kerneli ndiyo inayokitambua, prosesa haikijui kabisa. Prosesa za x86 zina ngazi nne za ulinzi, 0 hadi 3: kerneli hufanya kazi katika ngazi ya 0, na programu zote, hata ulizozianzisha kwa sudo, hubaki katika ngazi ya 3. Andika `p $cs & 3` ndani ya GDB uone; jibu litakuwa 3, uwe root au usiwe.

GDB haiingii yenyewe katika kumbukumbu ya programu nyingine, bali huiomba kerneli kupitia ptrace (huduma ya kerneli ya kukagua programu nyingine), na ptrace hufikia anwani za programu ile tu. Kuhusu CR3, amri ya kuisoma hukubaliwa katika ngazi ya 0 pekee. Programu ya kawaida ikiijaribu, prosesa huikatiza kwa kosa la ulinzi nambari 13, na Linux huisimamisha papo hapo.

Mlango ulio wazi kwa root ni `sudo gdb vmlinux /proc/kcore`, ambapo vmlinux ni faili la kerneli lenye majina ya sehemu zake na /proc/kcore ni faili linaloonyesha kumbukumbu yake, mradi vmlinux iwe ya toleo lilelile la kerneli inayofanya kazi. Kwa njia hiyo utasoma tu, hutaandika. Fahamu pia kwamba GDB hukumbuka ilichokwisha kusoma, hivyo `jiffies`, kaunta ya mapigo ya saa ya kerneli, itaonekana imeganda mpaka uandike tena `core-file /proc/kcore`. Tangu Linux 5.4 ya mwaka 2019 kuna pia kufuli la kerneli, ambalo katika hali yake kali zaidi humzuia hata root kusoma kcore.

BintiKisauni:
Naongeza jambo moja ninalolitilia mkazo. Kumbukumbu ya mfumo mzima hubeba nywila na funguo za kila mtu anayeitumia kompyuta hiyo. Kama ni ya maabara ya chuo, au ya saiba pale Mwembe Tayari, usiiguse. Kenya ina sheria ya uhalifu wa kompyuta ya mwaka 2018 inayohusu kuingia kusikoruhusiwa. Fanyia kazi mashine yako mwenyewe.

Mwanafunzi_Tudor:
Shukrani kaka, nawe dada nimekuelewa. Kompyuta ni yangu. Anwani za kerneli sasa zinasomeka kupitia kcore, ila CR3 bado haipatikani, na ningependa pia kusoma kwa anwani halisi badala ya anwani pepe.

Mwalimu_Likoni:
Basi hamia kwenye QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, kwa sababu huko ndani QEMU yenyewe ndiyo prosesa, na haihitaji kumwomba yeyote ruhusa. Anzisha mashine pepe kwa `-s` (inayoruhusu GDB kuunganishwa), uweke `nokaslr` kwenye amri ya kuwasha kerneli ili anwani zake zisibadilike kila inapowashwa, kisha ndani ya GDB uandike `target remote :1234`. Amri ya `monitor info registers` itakupa CR3.

Sasa jaribu hivi, skrini ikiwa katika hali ya maandishi. Andika `monitor xp /4xh 0xb8000`, ambayo husoma anwani halisi ya kumbukumbu ya skrini. Kila herufi huchukua baiti mbili, moja ya herufi na moja ya rangi, kwa hiyo A ya kijivu kwenye weusi huonekana kama 0x0741. Kisha andika `x /4xh 0xffff8880000b8000`, ambayo hupitia jedwali la kurasa. Zikitoka namba zilezile, basi umeona anwani pepe na anwani halisi zikikutana mahali pamoja.

Baada ya hapo lifuate jedwali kwa mkono, maana hapa ndipo swali lako la kwanza linapojibiwa hasa. Fanya biti 12 za chini za CR3 ziwe 0, ongeza 0x888, usome baiti nane kwa `monitor xp /1xg`. Hilo ni ingizo la nafasi ya 273 kati ya 512 (ukihesabu kuanzia 0), namba inayotokana na biti 9 za juu za sehemu ya biti 48 ya anwani hiyo. Kwa anwani iliyo ndani ya ingizo hilo, endelea kushuka kwa biti tisa tisa hadi ukurasa wenyewe, na ukikuta biti ya 7 imewashwa njiani, ukurasa ni mkubwa na safari inaishia hapo. Katika ingizo hilo la mwisho biti ya 2 ni 0, na hiyo ndiyo inayoikatalia ngazi ya 3. Katika prosesa zilizoathiriwa na Meltdown (udhaifu wa kiusalama wa prosesa), tangu 2018 Linux huondoa karibu kurasa zote za kerneli kwenye jedwali linalotumika programu zinapoendeshwa.

Ukikwama, tuandikie thamani ya CR3 na ingizo la kila hatua, tukague pamoja.