Simu ya siri inajaribiwa Nairobi, nitajuaje kama ni ukweli?

Mtu wa Umoja:
Wasee habari zenu, naomba msaada. Jana nilikuwa Luthuli, ile barabara ya maduka na mafundi wa simu hapa Nairobi, kubadilisha skrini, fundi akanitolea simu moja nyeusi haina jina wala nembo mgongoni, imevalishwa kava nene, akaniambia ati ni ya kampuni kubwa wanaijaribu hapa Nairobi kimyakimya na mwenyewe ameiacha itengenezwe tundu la chaji. Sasa jioni kwa grupu ya WhatsApp ya ploti nakuta stori karibu ile ile imefowadiwa, lakini hapo wanatafuta watu 200 wa kuijaribu, unatuma 350 ya usajili unapewa simu bure. Binamu yangu ashatuma. Mi hiyo simu niliishika jameni, ilikuwa nzito na ina joto, ndio maana siwezi sema ni uwongo mtupu. Nyinyi mnapimaje stori kama hizi?

Mama Kayole:
Kabla ya yote mwambie binamu afowadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, saa hii, hao watu wasije wakatoa pesa. Hayo mengine tutaongea baadaye.

Fundi wa zamani:
Hizo ni stori mbili, usizichanganye. Moja umeona na macho, ingine umesomewa. Kampuni inayoficha kitu haiwezi kuja kutangaza nafasi 200 kwa grupu ya ploti, hiyo ya 350 itupe.

Ya fundi ndio ya kuchunguza, kwa sababu mambo kama hayo yashatokea. Mwaka wa 2010 mhandisi wa Apple aliacha iPhone 4 kwa baa huko Redwood City, California, kabla haijatangazwa, na ilikuwa imefichwa ndani ya kava ifanane na iPhone 3GS. Gizmodo, tovuti ya habari za teknolojia, wakainunua dola 5,000. Lakini si kava iliyofanya watu waamini, simu ilifunguliwa vyuma vya ndani vikaonekana, halafu Apple wenyewe wakaandika barua wakidai kitu chao. Mwenye mali alijitokeza, hapo ndio stori ikakamilika.

Sasa yako, mwambie fundi abonyeze *#06#. Itatoka IMEI, namba ya kutambulisha simu, ya tarakimu 15, zile nane za mwanzo zinaonyesha ni modeli gani. Na ujiulize, mtu amekabidhiwa simu ya siri, ikiharibika si anairudisha kazini, ataipelekaje Luthuli imwagwe mezani mbele ya wateja? Simu bila nembo nimefungua nyingi sana, karibu zote zilikuwa za bei ya chini tu.

Mkaazi wa Thika:
Naongeza tu, msikatae stori kwa sababu ati Nairobi hakuwezi jaribiwa kitu. M-Pesa yenyewe ilianza kujaribiwa Oktoba 2005 hapa Thika na Nairobi, wateja hawakufika hata 500, walikuwa wanalipa mikopo ya Faulu, kampuni ya mikopo midogo, na wengi wenu mlikuja kuisikia ikizinduliwa Machi 2007. Kwa hivyo inawezekana kabisa. Mi huangalia nani anatoa nini. Na hata usipoitishwa pesa bado uliza, 2023 watu walipanga foleni KICC, ule ukumbi mkubwa wa mikutano mjini, wakapigwa picha za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, wakapewa sarafu zake zenye thamani ya kama shilingi 7,000, Agosti serikali ikasimamisha. Pale hakuna aliyelipa kuingia, lakini jicho lako likishachukuliwa utalibadilisha na lipi?

Mtu wa Umoja:
Asanteni sana. Nimerudi Luthuli mchana huu, tumebonyeza *#06# tukiwa wawili, tukatafuta zile nane za mwanzo, zimeleta simu ya kubonyeza ya zamani kabisa, na hii ya kwake ni ya kugusa, yaani hiyo IMEI si ya simu hii. Hata fundi ameshtuka, kumbe naye aliambiwa tu na mteja. Binamu amefowadi kwa 456, wamejibu wanashughulikia, pesa bado. Ile meseji ya 350 admin ameifuta kwa grupu lakini naambiwa iko kwa grupu ya kanisa sasa, naenda kuwaambia.