Nimeongeza mwanga, ukutani pakaingia giza. Ule mwanga umekwenda wapi?

FundiMwembeTayari

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa simu hapa Mwembe Tayari. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na juzi alikuja dukani na swali la fizikia. Kitabu chake kimechora mianya miwili na mistari ya mwanga na giza ukutani, basi. Nikamwambia tulifanye tulione kwa macho yetu.

Nilichukua kile kioo cha kubandika juu ya skrini ya simu, nikakishika juu ya koroboi mpaka masizi yakakifunika kikawa cheusi tii. Kisha nikabananisha nyembe mbili, nikavuta mstari kwa rula, mara moja tu. Ikatoka mianya miwili iliyokaribiana hata jicho linadhani ni mmoja. Tukazima taa, tukapitisha hapo mwanga wa leza nyekundu, ile ya kalamu. Ukutani, mita 3 mbele, vikajipanga vidoa vyekundu, na kati ya kidoa na kidoa ni giza. Kutoka katikati ya kidoa hadi katikati ya kinachofuata ni kama sentimita 2.

Sasa hapa ndipo paliponishika. Mpwa wangu alisogeza wembe polepole akaziba mwanya mmoja. Vidoa vikapotea, ukabaki mwanga mmoja uliotandaa, na pale palipokuwa peusi pakaingia wekundu. Akiondoa wembe, giza linarudi palepale.

Yaani ukifungua mwanya wa pili unaongeza mwanga, na bado kuna mahali panaingia giza! Kwenye kazi yangu moto wa umeme ukiingia kwenye bodi ya simu lazima utokee mahali, au ugeuke joto. Huu unakwenda wapi? Naomba jibu la kueleweka, si "kanuni ndivyo inavyosema".

Mkaazi_Kizingo

Si masizi yanaumeza tu?

FundiMwembeTayari

Hapana kaka. Masizi ni yaleyale mwanya ukiwa wazi au umezibwa. Kinachobadilika ni ukutani.

MwalimuTudor

Fundi, nimefundisha fizikia miaka mingi na ni wachache walioniuliza hivyo. Wengi hukariri mchoro wakaenda zao.

Kwanza jua kwamba mpwa wako amerudia jaribio lililotikisa dunia ya sayansi. Thomas Young, daktari wa London, alilieleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza, mnamo Novemba 1803. Alitoboa tundu dogo kwenye kizuizi cha dirisha, akaingiza mwale wa jua, kisha akaugawa kwa kipande cha kadi chenye upana wa sehemu moja ya 30 ya inchi. Ndani ya kivuli cha kadi ikaonekana mistari. Akazuia mwanga wa upande mmoja wa kadi, na mistari yote ikatoweka, ingawa mwanga wa upande wa pili haukuguswa. Wakati ule wengi walimfuata Newton kwamba mwanga ni chembe. Chembe za upande huu zingejuaje kwamba upande wa pili umezibwa?

Sasa swali lako. Kila mwanya unatoa wimbi. Mahali ukutani ambapo safari za mawimbi mawili ni sawa, au zimepishana kwa wimbi moja kamili, mawili, matatu, kilele hufika pamoja na kilele. Zikipishana kwa nusu ya wimbi, kilele hukutana na bonde, na hapo ni giza.

Shika hili vizuri. Mwangaza haufuati kimo cha wimbi, unafuata kimo zidisha kimo. Tuseme mwanya mmoja peke yake unatoa kimo 1, mwangaza 1. Miwili ikikubaliana, kimo ni 2 na mwangaza ni 4. Si 2, ni 4! Ikipingana, ni 0. Ukuta ukiuchukua kwa jumla, wastani wa 4 na 0 ni 2, yaani kile kile kilichoingia kwenye mianya yako miwili. Hakuna kilichopotea wala kugeuka joto. Mwanga uliokosekana kwenye giza umo ndani ya vidoa, ndiyo maana katikati ya kidoa panang'aa mara nne, si mara mbili.

Na vipimo vyako vimekupa kitu kikubwa zaidi. Wembe wa kawaida una unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo mianya yako imeachana kiasi hicho. Zidisha 0.1 kwa milimita 20 za kutoka kidoa hadi kidoa, gawanya kwa milimita 3,000 za hadi ukutani. Unapata milimita 0.00067, karibu nanomita 670 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Huo ndio urefu wa wimbi la leza yako. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye leza yako.

FundiMwembeTayari

Shikamoo mwalimu. Imeandikwa 650! Kwa rula na nyembe! Nimemwonyesha mpwa wangu, karudia hesabu mwenyewe hapa kwenye meza ya kazi.

Kwa hiyo nikiwasha tochi mbili badala ya mianya miwili, mbona sioni vidoa?

MwalimuTudor

Marahaba. Kwa sababu tochi mbili hazina mpango wa pamoja. Kila moja inatoa vipande vifupi vya mawimbi visivyotegemea vya mwenzake, kwa hiyo mahali pa giza panahama haraka mno na jicho linaona wastani tu. Mianya yako yote miwili inakula kwenye wimbi moja la leza. Young naye alipitisha jua kwenye tundu moja dogo kwanza kwa sababu hiyohiyo.

Nahodha_Mtongwe

Mimi sikusoma fizikia, lakini hili nalijua kwa macho. Maji yakitulia Kilindini, feri ikipita na meli ya kuvuta ikipita, mawimbi yao yanakatana. Pale yanapokatana utaona kipande maji yanapanda juu sana, na kando yake kipande kimelala kabisa. Yakishapitana, kila wimbi linaendelea na njia yake hadi ufukweni, halikupungua kitu.

MwalimuTudor

Nahodha, hilo la mwisho ndilo wanafunzi hulisahau. Mawimbi hayauani. Yanajumlika pale yalipo, kisha yanaendelea.

Binti_Kisauni

Niongeze jambo, ingawa linavuruga kichwa. Mnamo 1909 G. I. Taylor, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alififisha mwanga kwa vioo vya masizi, fundi, kama chako! Alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, picha moja ikichukua karibu miezi mitatu, na mistari ikatokea ileile. Na mnamo 1989 Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi walirusha elektroni, chembe ndogo mno zenye umeme, moja moja. Kila moja ilitua kama nukta, mahali pasipotabirika. Nukta zilipofika maelfu, mistari ikajichora. Kwa hiyo wimbi analolieleza mwalimu linaamua wapi nukta zitajaa na wapi hazitatua, hata zikija moja moja.

FundiMwembeTayari

Dada, hili la moja moja nitalisoma tena usiku duka likitulia. Ahsanteni. Mpwa wangu sasa ameshika CD ya zamani anauliza kama mistari yake nayo inafaa.

MwalimuTudor

Inafaa sana. Njia zake zimeachana maikromita 1.6, yaani milimita 0.0016. Elekeza leza ipige CD moja kwa moja kutoka mbele, ukuta uwe upande uleule wa leza, mita 1 kutoka CD. Kidoa cha kwanza kitakuwa kama sentimita 44 pembeni. Angalieni, mwale ule ukirudi usiingie jichoni mwa mtoto.

FundiMwembeTayari

Tumepata 45. Sasa anatafuta DVD.