MJADALA: Mofini ya maji ifike hadi wilayani na manesi waliosomea waruhusiwe kuiandika?

Mtoto wa Mwisho
Ndugu zangu, nauliza nikiwa bado na msiba. Mama alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, walituambia wazi kuwa ugonjwa umeshasambaa, kilichobaki ni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kusafisha kidonda, kukaa na familia na kuzungumza. Tukapewa mofini ya maji, dawa kali ya kunywa ya kutuliza maumivu, tukarudi naye nyumbani Handeni. Chupa ilipoisha, hospitali tuliyokimbilia huku hawakuwa nayo. Wakatupa Panadol. Wiki tatu mama aliuma pindo la kanga usiku ili wajukuu wasimsikie. Kwa nini nesi aliyesomea kazi hii asiruhusiwe kuandika mofini huku huku, na dawa iwepo? Nasikia Uganda wanafanya hivyo tangu miaka ya tisini.

Mkweli Daima
Pole sana kwa msiba. Lakini mofini ni dawa ya kulevya. Ukiisambaza wilayani, vijana wataimaliza kabla ya wagonjwa. Halafu tuambizane ukweli, mara nyingi anayeidai ni yule aliyechoka kuuguza, anataka mgonjwa alale ili naye apate usingizi. Wazee wetu walikufa bila mofini na walizikwa vizuri.

Bi Mkwe Korogwe
"Aliyechoka kuuguza"! Umemuuguza nani wewe? Mimi nimemuuguza baba mkwe miezi saba. Kila baada ya saa mbili namgeuza asipate vidonda vya mgongoni, mto katikati ya magoti, shuka nikilivuta lisiwe na kikunjo hata kimoja. Wanawe wa kiume walikuwa wakifika mlangoni, "Mzee anaendeleaje?", kisha hao barazani. Ndiyo, nilichoka. Kuchoka si dhambi.

Mkweli Daima
Dada, sijakutaja. Mimi niliuza ng'ombe wawili ili baba atibiwe. Nauli, vipimo, damu, vyote vilitoka mfukoni mwangu. Hilo nalo si kuuguza?

Bi Mkwe Korogwe
Ng'ombe hamgeuzi mgonjwa.

Mwana wa Bukoba
Hapo umemaliza, Bi Mkwe. Ila tusiwatukane wanaume wote. Mimi nilimwogesha mama yangu mwenyewe, na mashangazi wakanisema hadi leo kwamba nimevunja heshima.

Bi Mkwe Korogwe
Mwanangu, wewe Mungu akubariki. Hao mashangazi nao walishika beseni?

Nesi wa Zamu
Naomba turudi kwenye dawa. Kwanza, nimsahihishe aliyeuliza: Dk. Anne Merriman alianzisha hospisi, yaani huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, Kampala mwaka 1993, lakini sheria iliyowaruhusu manesi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini Uganda ilikuja 2004. Wanachanganya unga na maji, na mgonjwa hainunui.

Pili, kuhusu kuibiwa. Dawa inaandikwa daftarini na kufungiwa kabatini kwa kufuli. Uoga wa mwizi usiwe adhabu ya mgonjwa.

Tatu, haikusudiwi kumlaza mtu. Unaanza na dozi ndogo, unapandisha kwa kufuata maumivu. Inanywewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi maradufu ili apitilize hadi alfajiri. Inafunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo iandikwe siku hiyo hiyo. Nimeona mama aliyekuwa akilia akiguswa tu, siku ya tatu kaketi anachambua mchicha.

Na wewe Mkweli, walizikwa vizuri, sikatai. Walikufaje?

Mkweli Daima
Nesi, usinifanye mimi adui wa wagonjwa. Baba alikufa akipiga ukuta kwa ngumi. Nilikuwepo. Ndiyo maana nasema sikukaa barazani, na sitakubali kuambiwa habari za ng'ombe na mtu asiyenijua.

Babu Hamza
Wanangu, punguzeni jazba. Namuuliza huyu kijana mfiwa: mama yenu mlimwambia? Maana siku hizi mnaambiana ninyi watoto kwenye korido, mwenye ugonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo.

Mwana wa Bukoba
Babu, kumwambia mgonjwa anakufa ni kumuua mara mbili.

Nesi wa Zamu
Hapana. Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani. Wengi wameshajua, wanawahurumia ninyi.

Mtoto wa Mwisho
Babu, tulimficha. Siku nne kabla hajafa aliniomba nitoe daftari lake la upatu chini ya godoro. Akanionyesha kwa kidole jina la mama mmoja, akasema, "Huyu zamu yake Jumamosi, hela iko kwenye kopo la majani ya chai. Mimi sitakuwepo." Alijua kitambo. Sentensi hiyo aliisema kwa vituo vitatu kwa sababu ya maumivu. Nami nilitaka aiseme kwa pumzi moja, na aseme mengine. Ndiyo maana nimeuliza habari ya nesi na ile chupa.