Haro, rotaveta au ripa? Nataka kuotesha upya malisho kwenye ardhi iliyochoka

Mfugaji_Chipukizi: Wakuu habari. Nina shamba lililochoka, nyasi zimebaki vishada vishada, katikati udongo mtupu. Nataka kulivuruga na kupanda malisho upya kabla mvua hazijaanza. Nimepata zana tatu zilizotumika, na hela yangu inatosha moja tu: haro ya diski ya kukokotwa (visahani vya chuma vinavyokata udongo), rotaveta (visu vinavyozungushwa na trekta), au ripa ya meno matatu (meno marefu ya kupasua udongo chini). Mwenye haro anataka jibu wiki hii. Nichukue ipi?

Fundi_Grisi: Mkuu, hujataja trekta lina HP (nguvu za farasi) ngapi. Bila hiyo tunapiga ramli.

Mama_Ndama: Na udongo je? Mfinyanzi, kichanga, una mawe? Ekari ngapi?

Mfugaji_Chipukizi: Samahanini. Trekta HP 50, ekari 12, udongo ni mfinyanzi mwekundu, mawe machache upande wa juu. Mteremko upo kidogo.

JembeKali: Rotaveta, usiumize kichwa. Ukipita mara moja udongo umelainika, unamwaga mbegu. HP 50 inazungusha rotaveta ya mita moja na nusu bila shida.

Mzee_wa_Haro: Kwa mfinyanzi? Ngoja nisimulie yaliyonikuta. Nilinunua rotaveta iliyotumika, rangi mpya inang'aa. Nikaingia nayo shambani udongo ukiwa bado na unyevu. Juu ulitoka kama unga, nikafurahi, nikamwaga mbegu. Mvua ya kwanza ilishuka kubwa, ule unga ukajifunga, ukakauka ukawa sakafu. Miche michache iliyotoka ilipita kwenye nyufa tu. Nikachimba kwa jembe la mkono: sentimita 15 chini nikakuta tabaka laini, linang'aa kama chungu kilichosuguliwa. Visu ndivyo vilivyolisugua. Mizizi ilifika pale ikapinda, ikaenda ubavuni. Kilichostawi ni gugu la sangari, maana kila kipande cha shina lake la chini kilichokatwa kilichipua mche wake. Mashine yenyewe ilianza kulia siku ya tatu. Fundi alipofungua nati ya giaboksi, oili ikatoka na chembe za chuma, na alipokwangua rangi kwenye fremu tukaona mahali palipochomelewa mara mbili. Msimu mzima ulipotea, na mbegu yote.

JembeKali: Pole sana mzee wangu, ila hilo ni kosa la unyevu, si la rotaveta. Chukua udongo wa kina utakacholima, uviringishe kiganjani. Ukitoka kamba, subiri. Ukimeguka, ingia.

Mzee_wa_Haro: Na sangari nayo ni kosa la unyevu?

Mama_Ndama: Jamani, mnagombania chuma wakati hatujui ardhi imechoka kwa nini. Mdogo wangu, pima pH (kipimo cha uchachu wa udongo) kwanza. Ikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka kwenye udongo na kudumaza mizizi, hata ulime kwa dhahabu. Chokaa inahitaji miezi kufanya kazi, na inataka kuchanganywa na udongo. Halafu chimba shimo la nusu mita, uone kama kuna tabaka gumu. Kama halipo, ripa ya nini?

Fundi_Grisi: Likiwepo, hiyo ripa ya meno matatu kwa HP 50 haitavuta kwenye mfinyanzi mkavu kwa kina cha sentimita 40. Toa meno, baki na moja. Na ripa hufanya kazi udongo ukiwa mkavu; ukiwa na maji jino linapita kama kisu kwenye siagi, hapapasuki kitu.

Kwenye haro, nenda na futi kamba. Pima diski: kama zilikuwa inchi 24 na sasa zimebaki 20, hazizami tena. Shika kila safu uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Kwangua rangi kwenye viungo vya fremu. Na kama magurudumu yake yanainuliwa kwa haidroliki, hakikisha trekta lako lina mdomo wa kuchomekea mipira ya haidroliki.

Mfugaji_Chipukizi: Asante fundi. Mdomo huo sijauangalia. Jumamosi nitaenda kupima diski.

Mama_Ndama: Chochote utakachonunua, tafuta na rola ya kushindilia udongo. Mbegu za nyasi ni ndogo, zinataka kufunikwa sentimita moja tu, na udongo uzishike. Kanyaga shamba kabla ya kumwaga: kisigino kikizama sana, bado ni laini mno. Changanya mbegu na mchanga mkavu, zitatawanyika sawa.

JembeKali: Mimi nilipitisha ng'ombe badala ya rola, na nyasi zilitoka vizuri.

Mzee_wa_Haro: Kwa mfinyanzi uliolowa? Watakuachia mashimo ya kwato.

JembeKali: Ulikuwa mkavu, mzee.

Mfugaji_Chipukizi: Na baada ya kuota, nisubiri muda gani kuwaingiza?

Mama_Ndama: Usihesabu siku. Shika shungi la nyasi kama ulimi wa ng'ombe unavyoshika, vuta. Likikatika, wafungulie. Likitoka na mizizi, wazuie.

Fundi_Grisi: Mkuu, mteremko unaelekea wapi? Haro lazima ipite kukata mteremko, isishuke nao.

Mfugaji_Chipukizi: Unaelekea kwenye kijito. Hivi nikichanganya na mikunde, nayo nimwage siku hiyohiyo?