Naomba ushauri: jirani anataka jiji liachie kichochoro cha nyuma

Wakuu, nyuma ya nyumba yangu kuna kichochoro cha umma. Gari halijapita humo miaka mingi. Majani yanafika magotini, na katikati kuna mfuniko wa chemba ya majitaka. Jirani wa upande wa pili ameomba jiji likiachie, yaani kisiwe tena njia ya umma, na kila mmoja wetu achukue nusu hadi mstari wa katikati. Anataka nitie saini.

Nusu hiyo naitamani, sikatai. Kinachonitia wasiwasi ni bomba. Jiji likiachia njia mara nyingi hubakiza haki ya kupitisha mabomba na nyaya. Ardhi inakuwa yangu kwenye hati, lakini kujenga juu yake siruhusiwi, na mafundi wakija kuchimba siwezi kuwazuia. Sasa faida iko wapi, zaidi ya kufyeka majani mwenyewe?

Halafu kuna mama wa nyumba ya mwisho, geti lake linafungukia humo tu. Kikifungwa atapita wapi?

Aliyewahi kupitia hili: niweke masharti gani kabla ya kusaini? Njia ya mama huyu inaweza kuandikwa kwenye uamuzi wenyewe wa jiji? Na kikao cha jiji cha kusikiliza pingamizi niende na mpimaji au mwanasheria?